Nani alitangulia kufika Mombasa? Inategemea unauliza nini

Kampeni zikikaribia, au kiwanja kikianza kugombewa huku Pwani, ubishi wa zamani haukawii kufufuka barazani na kwenye makundi ya simu: mwenyeji halisi wa Mombasa ni nani? Huyu atasema ni Mmijikenda, kwa kuwa makaya yake, vile vijiji vitakatifu vya misituni, yako hapa tangu enzi za mababu. Yule atasema ni Mswahili wa Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, maana mji ni wake na wazee wake wamezikwa humo. Wa tatu atashikilia kwamba Waarabu ndio waliojenga, na kabla yao hapakuwa na kitu. Wala hakosekani wa kufunga mjadala kwa kusema sote ni wageni: Mmijikenda katoka Shungwaya, Mswahili katoka Shirazi huko Uajemi, Mbantu katoka Kameruni. Serikali ilipowatambua Wamakonde mwaka 2017 kuwa kabila la 43 la Kenya, na ilipowatambua Wapemba mwaka 2023, maneno yalizidi moto, kana kwamba orodha ya makabila ni foleni na kila aingiaye anamsukuma aliyetangulia.

Ubishi huu hauishi kwa sababu wabishi wanajibu maswali tofauti wakidhani ni swali moja. Ukilifungua, utayakuta ndani yake manne. Binadamu wa kwanza kuishi kwenye ardhi hii walikuwa nani? Lugha tunazozisema zilifika lini? Mji wa Mombasa ulianzishwa na nani? Na majina tunayojiita leo, kama Mmijikenda au Mswahili, yalianza lini kutumika? Kila moja lina jibu lake, na majibu hayo yanaachana kwa maelfu ya miaka.

Ushahidi nao ni wa namna nne. Upo wa akiolojia, yaani vitu vinavyofukuliwa ardhini: mifupa, vigae, majivu, shanga. Upo wa lugha, kwa kulinganisha maneno na matamshi. Upo wa vinasaba, ile rithi tunayoipata kwa baba na mama na ambayo siku hizi inaweza kusomwa hata kwenye jino la mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita. Na yapo masimulizi ya wazee. Makosa mengi hutokea pale mtu anapochukua ushahidi wa namna moja kujibia swali la namna nyingine. Kigae cha chungu hakiwezi kukwambia mfinyanzi wake alisema lugha gani, na lugha ya mtu haikwambii babu zake wote walitoka wapi.

Kabla Mombasa haijawa kisiwa

Tuanze na swali kongwe. Ukitoka Mombasa kwenda kaskazini hadi vilima vya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao kutoka nje wamechimba humo kwa miaka mingi kuanzia 2010, na tabaka za udongo zinaonyesha kwamba watu walikuwa wakilitumia pango hilo tangu miaka 78,000 iliyopita, wakirudi tena na tena hadi nyakati za karibuni.

Ndani yake lilipatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Watafiti wakampa jina la Mtoto. Alikuwa amechimbiwa shimo, akalazwa ubavu wa kulia, magoti yakakunjwa kuelekea kifuani. Jinsi kichwa kilivyoinama na kuachana na shingo kuliwaonyesha kwamba chini yake kiliwekwa kitu mfano wa mto, ambacho baadaye kilioza. Sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kabla ya kufukiwa. Mifupa ilikuwa imelika kiasi kwamba haikuweza kutolewa mmoja mmoja. Bonge zima la udongo lilifunikwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi kisha Uhispania, ndipo likafunguliwa taratibu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu kama sisi linalojulikana katika Afrika nzima. Hapa petu, mwendo wa gari wa asubuhi moja kutoka Mombasa, kuna mtu aliyempoteza mwanawe na kumtilia mto kichwani miaka 78,000 iliyopita. Nikisikia mtu akisema pwani hii ilikuwa tupu, kaburi hilo ndilo linalonijia kwanza.

Mtoto huyo si wa kabila lolote la leo. Wakati ule hapakuwa na Kigiriama wala Kiswahili, Kiarabu wala Kiajemi. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba kundi kubwa la mababu wa watu wanaoishi nje ya Afrika lilitoka barani humu kati ya miaka 70,000 na 50,000 iliyopita, kwa hiyo Mtoto alizikwa kabla ya safari hiyo. Mwajemi na Mhindi waliokuja kutia nanga hapa baadaye walikuwa na mababu walioondoka bara hili hili.

Hata ardhi yenyewe haikuwa kama tuionavyo. Mwamba wa matumbawe unaokibeba kisiwa chetu, ule ambao Fort Jesus imesimama juu yake, ulijijenga ndani ya maji takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Kisha dunia ikapoa, maji mengi yakaganda kuwa barafu huko mbali, na kufikia miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kwa kama mita 120. Tudor na Kilindini, mikono ya bahari inayokizunguka kisiwa leo, yalikuwa mabonde ya mito. Pale feri ya Likoni inapovusha watu leo, mwindaji angeshuka bondeni na kupanda ng'ambo kwa miguu. Kwa hiyo ukiuliza nani alikuwa wa kwanza kukanyaga kisiwa cha Mombasa, jua kwamba kuna watu waliopapita kabla hapajawa kisiwa.

Wawindaji hawakutoweka

Watu hao waliishi kwa kuwinda, kuvua na kuchuma. Wengi hufikiri kwamba wakulima walipofika, wawindaji walifagiliwa wote. Sivyo. Katika pango lile lile la Panga ya Saidi yalichunguzwa mabaki ya mtu aliyeishi takriban miaka 400 iliyopita, na vinasaba vyake ni vya asili ya wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki. Miaka 400 iliyopita Fort Jesus ilikuwa tayari imejengwa, kwani Wareno waliianza mwaka 1593. Yaani Mreno akiwa na mizinga yake ngomeni, vilimani nyuma ya Kilifi bado kulikuwa na watu wa ukoo ule wa kale.

Wapo hadi leo wanaobeba urithi huo wa uwindaji. Wako Waata, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu, na walisifika kwa pinde nzito na mishale ya sumu iliyoweza kumwangusha ndovu. Wako Waaweer, au Waboni, upande wa Lamu. Na wako Wadahalo karibu na Mto Tana, ambao lugha yao inahesabiwa miongoni mwa lugha za Kikushi lakini ina sauti za kidoko, zile zinazotolewa kwa kubana ulimi na kuuachia ghafla, kama za Wahadza na Wasandawe wa Tanzania. Wanaisimu wengi huzichukua sauti hizo kuwa masalio ya lugha ya zamani zaidi iliyoachwa. Waata nao husema lugha ya jamii ya Kioromo. Lugha iliyo midomoni mwao ni ya majirani waliokuja baadaye. Mababu zao ni wa kabla yake.

Lugha za Kibantu zilifikaje?

Hapa ndipo penye mkorogano mkubwa. Tunasoma shuleni kwamba Wabantu walitoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni, na ramani ina mishale minene kama ya jeshi linalovamia. Mtoto anaondoka darasani akiamini kwamba siku moja taifa liitwalo Wabantu lilifungasha virago likaja hadi Pwani.

Bantu ni jina la jamii ya lugha, na lilitungwa na wanaisimu wa Ulaya karne ya 19. Ni kweli lugha hizo zilianza kuenea kutoka maeneo hayo miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na vinasaba vinathibitisha kwamba watu pia walihama. Lakini walihama kwa vizazi na vizazi: kijiji kinakua, ardhi inachoka, vijana wanafungua shamba mbele kidogo, wanaoa kwa waliowakuta. Na mahali pengine lugha ilikwenda mbele ya watu. Ukienda kwa jirani kuazima kaa la moto, moto unafika jikoni kwako na jirani anabaki kwake. Lugha pia huweza kushika nyumba nyingi ambazo wakazi wake hawakutoka kokote.

Katika pwani yetu alama ya wazi kabisa ya wakulima wa kwanza ni vyungu. Mwaka 1966 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba Kwale na kukuta vyungu na mabakuli yenye midomo iliyokatwa mshazari na kutiwa mifuo, pamoja na dalili za ufuaji chuma. Umri wake unafika karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo. Vyungu vya mtindo huo vimepatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na wataalamu wanaviita kwa jina la Kwale. Kwa hiyo wakulima wafua chuma, ambao yaelekea walisema lugha ya Kibantu, walikuwa kusini tu ya Likoni karibu miaka 1,800 iliyopita. Wafugaji wa lugha za Kikushi walikuwa wameshaingia Kenya kabla yao, ila makao yao makuu yalikuwa bara zaidi.

Lugha ya wakulima hao ikaendelea kugawanyika. Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro huwekwa katika tawi moja, Sabaki, kwa jina la mto ule unaoingia baharini karibu na Malindi. Zilikuwa lugha moja takriban katika karne za kati za milenia ya kwanza, kisha zikaachana. Undugu huo husikika bila mtaalamu. Sisi twasema maji, Mgiriama asema madzi. Jina kwake ni dzina. Macho, ambayo Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema mato, kwake ni matso. Kumwambia Mswahili na Mgiriama wabishane nani alitangulia ni kuwagombanisha ndugu waliozaliwa nyumba moja.

Shungwaya je?

Masimulizi ya Mijikenda yanasema walitoka Shungwaya, kaskazini, huko ambako leo ni kusini mwa Somalia, wakateremka kwa sababu ya vita na Wagala (Waoromo), wakajenga makaya yao ndani ya misitu na kuzika humo fingo, yaani hirizi za kuulinda mji, walizokuja nazo. Wanahistoria wengi waliyapokea hivyo hivyo, na wengine wakakadiria safari hiyo kuwa ya karne ya 16. Kutoka hapo ikawa rahisi kwa mtu kusema Mijikenda ni wageni wa juzi.

Uchimbaji uliofanywa katika vilima nyuma ya pwani umeonyesha vijiji vya wakulima vikiendelea tangu milenia ya kwanza, na mitindo ya vyungu ikirithishana bila kukatika ghafla. Hapana dalili ya nchi tupu iliyojazwa kwa mkupuo katika karne ya 16. Je, wazee walidanganya? Mimi sioni hivyo. Yaelekea baadhi ya koo zilitoka kaskazini, kwa kuwa vita vilikuwepo na watu walikimbia, zikawakuta ndugu wa lugha ileile wakilima. Waliokuja wakaleta fingo na simulizi, waliokuwepo wakaleta ardhi na ujuzi wa mvua zake, na baada ya vizazi kadhaa simulizi ikawa ya wote. Jina Mijikenda lenyewe, la kuwakusanya Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, lilienea miaka ya 1940. Kabla ya hapo watu wa nje waliwaita Wanyika. Ujana wa jina hauwafanyi watu wenyewe wawe wageni.

Waswahili, Waajemi na makaburi ya Mtwapa

Jambo hili limezua uhasama wa kweli, nami naomba lisomwe bila jazba. Kwa muda mrefu wakoloni walifundisha kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Asia na Mwafrika alikuwa mtazamaji. Baada ya uhuru wasomi wengi wakapinga, na baadhi wakafika kusema hadithi ya Shirazi ni uzushi mtupu wa watu waliotaka ukubwa.

Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa hapo ng'ambo tu ya mto, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Matokeo yakawasahihisha wote. Wengi wa watu hao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, na hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa upande wa baba, na sehemu hiyo ya Asia kwa wengi ilikuwa ya Uajemi pamoja na kiasi kidogo cha India. Mchanganyiko ulianza takriban mwaka 1000. Asili ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Kwa hiyo bibi aliyesema wazee wetu walitoka Shirazi hakuzua. Lakini aliyesema Mswahili ni mgeni amekosea pia, maana mama yake alikuwa mwenyeji, na lugha iliyoshinda nyumbani ilikuwa ya mama. Isitoshe, maisha ya mji yalianza kabla ya mchanganyiko huo. Shanga, katika visiwa vya Lamu, palikuwa na makazi tangu karne ya 8, nyumba za udongo na miti, na vyungu vya mtindo uleule uliokuwa ukitumika bara. Hata kabla ya hapo, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 aliyeeleza safari za Bahari ya Hindi alisema mabaharia kutoka Arabuni walikuwa wakifika pwani hii, wakioa na kuijua lugha ya wenyeji. Maana yake wenyeji walikuwepo wa kuwaoza na kuwafundisha.

Kumbuka vilevile kwamba wengi wa waliochunguzwa ni watu waliozikwa karibu na misikiti, kwenye makaburi ya wenye uwezo. Mvuvi na mtumwa hawakupata kaburi la mawe. Halafu hesabu rahisi: una wazazi 2, babu na bibi 4, na ukirudi nyuma vizazi 10 tu, nafasi za mababu zako ni 1,024. Anayesema ukoo wake ulitoka mahali fulani miaka elfu iliyopita huwa ameshika uzi mmoja, mara nyingi wa baba wa baba wa baba. Anaweza kuwa mkweli kabisa juu ya uzi huo na nyuzi nyingine zote zikatoka Kwale, Tana au mapangoni Kilifi.

Mji wenyewe

Mombasa kama mji ni mchanga kuliko yote haya. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, aliutaja katikati ya karne ya 12. Uchimbaji wa miaka ya 1970 karibu na hospitali kuu ya Pwani, upande wa kaskazini wa kisiwa, ulionyesha makazi yanayokaribia miaka elfu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akasifu misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, akaandika pia kwamba kisiwa hakilimi nafaka bali huletewa. Mji ulikula kwa mkono wa bara tangu siku hizo. Masimulizi ya mji yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, jina la kale la mji, kisha Shehe Mvita, ambaye jina lake tunalo hadi leo.

Na Thenashara Taifa, wanaotajwa kama wenyeji wa mji kuliko wote, hawakuwahi kuficha kwamba walikuja. Upande wa Miji Tisa wamo Wamvita na Wajomvu, lakini wamo pia Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Upande wa Miji Mitatu ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Majina mengi ni ya miji waliyotoka. Mji uliwapokea, ukawapa nafasi, ukahifadhi kumbukumbu ya asili zao katika muundo wa utawala wake.

Haki ya ardhi inatoka wapi?

Najua wengi wanaouliza nani alitangulia wanauliza kwa sababu ya ardhi, na uchungu wao ni wa haki. Lakini watu wa Pwani hawakupoteza ardhi kwa sababu ya Shungwaya wala Shirazi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alipeleke kwa maandishi; ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali ya Uingereza. Wenye makaratasi na wenye kujua njia za ofisini walipata, na jamii zilizomiliki kwa mila, wengi wao Mijikenda, zikajikuta maskwota kwenye mashamba ya mababu. Dai hilo lina tarehe na sheria ya kulitaja, na halihitaji mtu athibitishe kwamba babu yake alifika kabla ya mwingine karne ya 3. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinaitambua ardhi ya jamii bila kuuliza nani alitangulia.

Kama kuna jamii ambayo swali la kutangulia linaigusa moja kwa moja, ni Waata, na hao ndio wasiotajwa kabisa katika ubishi wetu. Tsavo ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, sehemu kubwa ya mawindo yao ikawa ndani ya mpaka, na katika miaka ya 1950 wanaume wao walikamatwa na kufungwa kama majangili kwa kazi waliyorithi kwa babu zao. Kifungu cha 260 cha Katiba kinazihesabu jamii asilia zilizodumisha maisha ya uwindaji na uchumaji kuwa miongoni mwa jamii zilizotengwa, zinazostahili kuinuliwa. Waata wako Kilifi, wako Tana River, na Kamati ya Bunge au Tume ya Ardhi ikija Mombasa kusikiliza wenyeji, kiti cha mbele kiwe chao.